Mgeni Njoo, Bia Si Lazima

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza hapa Mlimani, kuna kazi moja isiyokosa watu wa kuifanya: kumkaribisha mgeni. Mwaka wa kwanza anashuka kwenye bajaji na begi lake na ndoo, hajajua hata Yombo iko upande gani, lakini tayari kaingizwa kwenye makundi manne ya WhatsApp. Kuna kwaya, kuna umoja wa wanaotoka mkoa fulani, kuna midahalo, na siku hizi kuna vikundi vya joging: mnakimbia Jumamosi jioni, mnamalizia baa. Hivi vya mwisho ndivyo ninavyotaka tuviongelee leo.

Hoja yangu ni fupi. Klabu za kukimbia na kunywa zina jambo moja ambalo sisi wanafunzi tungefaa kuliiga kesho asubuhi, na jambo jingine ambalo tungefaa kulikataa mchana kweupe. La kuiga ni namna zinavyomtunza anayekimbia polepole. La kukataa ni namna zinavyoweza kumbana mgeni asiyetaka kunywa. Nasema haya nikiwa mtu wa ndani kidogo, maana mwaka jana nilijiunga na klabu moja ya aina hiyo hapa Dar, na bado naenda. Jina lake naliweka kando. Nia si kumchafua mtu.

Mambo yalianzia Kuala Lumpur

Mchezo wenyewe unaitwa Hash, na klabu zake duniani kote hujiita Hash House Harriers. Ulianza mwaka 1938 mjini Kuala Lumpur, wakati Malaya ikiwa chini ya Waingereza. Mhasibu mmoja, Albert Gispert, na wenzake wachache waliamua kufufua mchezo wa zamani wa shule za Uingereza: mmoja anatangulia akidondosha vipande vya karatasi, wengine wanafuata alama hadi wampate. "Harriers" ni mbwa wa kuwindia sungura. "Hash House" lilikuwa jina la utani la mahali walipokuwa wakila, kwenye jengo la Selangor Club, kwa sababu chakula cha pale hakikuwa cha kusifiwa. Kwa hiyo jina lote, ukilifungua, ni mzaha wa watu waliochoka na msosi wa kantini. Mwanafunzi yeyote wa hapa atawaelewa.

Gispert hakuuona mchezo wake ukikua. Aliuawa vitani Singapore mwezi wa Februari 1942. Wenzake waliurudisha baada ya vita, na leo kuna mamia ya klabu duniani, zikiwemo za Nairobi, Kampala na hapa kwetu.

Klabu ile ya kwanza ina habari moja ambayo naipenda. Mwaka 1950, ilipotakiwa kujisajili, ilitaja malengo manne: kuwapa wanachama afya, kuondoa uchovu wa pombe za wikiendi, kutafuta kiu ya kweli na kuikata kwa bia, na kuwaaminisha wazee kwamba hawajazeeka kama wanavyojihisi. Hesabu vizuri. Malengo ni manne, na kunywa bia ni moja tu. Atakayekuambia kwamba bila glasi mkononi wewe si mwanachama, huyo hajasoma katiba ya babu zake.

Sungura na watu wa nyuma

Siku ya Hash, mtu mmoja au wawili hupewa kazi ya kuwa sungura. Kwa sisi tuliokulia hadithi za bibi, jina linawafaa, maana kazi yao ni ujanja mtupu. Wanatangulia na mfuko wa unga wa ngano, wanadondosha konzi moja moja njiani, kupitia vichochoro, mabonde na mashamba ya mihogo. Kundi linafuata. Anayeuona unga anapaza sauti, "On on!", na wengine wanajua njia ni hiyo.

Lakini kila baada ya muda alama zinakatika. Unafika njia panda unakuta duara limechorwa kwa unga, maana yake: tafuteni wenyewe. Njia ya kweli inaweza kuwa kulia, inaweza kuwa kushoto, inaweza hata kuwa kule mlikotoka. Wenye mbio wanatawanyika kila upande. Mmoja anakimbia mita mia mbili za mlima, anakutana na alama inayomwambia amepotea, anarudi anahema. Wakati wao wanahangaika, sisi wa nyuma tunafika tunatembea, tunapumua, tunakunywa maji. Mara nyingi jibu linapatikana sisi tukiwa tumeshasimama pale, na kundi zima linaondoka pamoja.

Hapo ndipo penye akili. Sungura akiichora njia vizuri, mwenye mbio atakimbia kilomita kumi, mzito atakwenda sita, na wote watafika kwa kupishana dakika chache. Hakuna aliyehurumiwa wala aliyesubiriwa kwa kununa. Njia yenyewe ndiyo imepangwa hivyo.

Linganisha na tulivyozoea. Sisi ni watoto wa nchi ya Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa kuongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Ni fahari, na tuendelee kujivunia. Lakini shuleni tulichofundishwa kutokana na fahari ile ni kwamba mbio ni za wa kwanza, na wa mwisho ni wa kuchekwa. Wengi wetu tuliacha kukimbia darasa la tano, siku tuliyochekwa.

Sasa toka uwanjani, nenda kwenye diskasheni zetu. Kichwa mmoja analifyeka swali kwa dakika tatu, anafunga daftari, wengine wanabaki kunakili. Mtihani ukija yeye anapasua, wenzake wanakula sapu. Kundi lililopangwa kama Hash lingemtuma yule kichwa akajaribu njia nyingine mbili za kulifanya swali, arudi aseme ipi imegoma na kwa nini, huku wengine wakifika taratibu kwenye ile ya kwanza. Kichwa anapata mazoezi zaidi, wa polepole hapotei. Hilo ndilo la kuiga, na wala halihitaji hata chupa moja.

Kuna la pili linalofanana na hilo. Kule vyeo vinaachwa garini. Siku ya kwanza nilimwamkia mzee mmoja, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba vizuri kabisa, kisha akaniambia, "Ila kijana, huku naitwa Kiatu Kimoja." Nilikuja kujua baada ya miezi kwamba ofisini kwake watu husimama anapoingia. Mtu akishakimbia mara kadhaa kundi humpa jina la utani, na jina hilo ndilo litakaloitwa hadi mwisho. Kwa mwanafunzi anayetafuta field au ushauri wa kazi, kukaa jioni nzima na fundi wa majokofu, mhasibu na mhadhiri mstaafu, wote wakiwa na tope magotini, ni shule ambayo haimo kwenye prospektasi.

Duara

Baada ya mbio, wote husimama duara. Anayeongoza huita watu kwa makosa ya kutania: sungura kwa kuwapoteza wenzake, aliyekuja na viatu vipya, aliyepokea simu katikati ya mbio. Adhabu ni kunywa glasi nzima kwa mkupuo huku wengine wakiimba. Wenyewe huita "down-down". Kisha huitwa wageni. Kwenye Hash nyingi mtu wa siku ya kwanza huitwa bikira. Anatajwa jina, anaulizwa katokea wapi na nani kamleta, halafu anapewa glasi.

Siku yangu, nilisema situmii. Aliyeongoza, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, hakuuliza kwa nini. Alimimina maji kwenye glasi ileile, wimbo ukaimbwa uleule, nikayamaliza kwa mkupuo, watu wakashangilia. Tofauti kati yangu na jirani yangu aliyekunywa bia ilikuwa kwamba yeye alicheua kwa sauti zaidi.

Wiki tatu baadaye aliongoza mwingine. Alikuwepo binti wa mwaka wa kwanza wa chuo kimoja hapa jijini, kaja na shoga yake. Akaitwa bikira mbele ya wanaume kama thelathini, wakacheka kicheko kile tunachokijua. Akasema hanywi. "Kidogo tu." Hanywi. "Onja basi, usituangushe." Makofi yakaanza: kunywa, kunywa, kunywa. Akalowesha midomo, akarudisha glasi. Hakuja tena. Shoga yake naye hakuja tena.

Klabu ilikuwa ileile, na glasi zilezile. Kilichobadilika ni mtu aliyeshika duara. Huo ndio udhaifu wa ukarimu usio na kanuni: mgeni anategemea bahati ya nani yuko zamu.

Mtu asiyekunywa ana sababu zake, na hana deni la kuzieleza mbele ya duara. Mmoja ni dini. Mwingine yuko kwenye dozi ya metronidazole, ile wengi tunaiita Flagyl, na daktari kamwonya asichanganye na pombe. Mwingine ana baba aliyemalizia mshahara kilabuni, na harufu tu inamrudisha kule. Mwingine hapendi, basi. Halafu kuna suala la mwili. Umekimbia saa nzima kwenye joto la Dar, umetoka jasho, unachohitaji kwanza ni maji. Pombe inakuongezea kwenda haja ndogo, na glasi ya kumalizwa kwa mkupuo inapanda kichwani haraka kuliko ya kunywewa taratibu. Hata mnywaji mzoefu anajua hili.

Na tuseme ukweli, kwenye Hash angalau kuna wazee. Kwenye sherehe zetu za kukaribisha hosteli, anayeongoza duara ana miaka ishirini na mbili na yeye mwenyewe kashaanza kuona mbili mbili. Tumechukua glasi, tumechukua makofi, tumemwacha yule mama mwenye jagi la maji.

Wanaobisha

Nimewahi kuisema hoja hii kijiweni na nikajibiwa mambo matatu.

La kwanza: "Umeenda klabu ya bia, ulitegemea maziwa?" Jibu ni kwamba tangazo lilisema kukimbia na kufahamiana. Bia na mbio si wageni kwa kila mmoja hapa nchini. Kilimanjaro Marathon ya Moshi, inayokimbiwa tangu mwaka 2003, imebeba jina la bia kwa miaka. Maelfu wanakwenda, na pale kwenye mstari wa kumalizia hakuna anayekuuliza kama unakunywa ndipo akuvishe medali.

La pili: "Ni utani tu, acha kukaza." Mimi napenda utani, na jamii zetu zinajua utani kuliko wengi. Ndiyo maana tunajua kwamba utani una pande mbili. Mtani wangu ananiibia kuku leo, na mimi nina haki ya kumwibia kesho, msibani anaweza kunizuilia njia na mimi nitamfanyia hivyohivyo. Mgeni aliyefika saa mbili zilizopita hana wa kumrudishia. Hajui majina, hajui nyimbo, hajui hata choo kiko wapi. Utani wa upande mmoja una jina jingine, na kila aliyesoma bweni analijua.

La tatu: "Ndiyo mila ya klabu." Mila hiyohiyo ilianza kwa karatasi, leo tunatumia unga, na haikufa. Wana-Hash wenyewe hupenda kujisifu kwamba kwao hakuna sheria. Vizuri. Basi hakuna sheria ya kumnywesha mtu.

Sisi nasi ni wageni

Kuna upande mwingine wa ugeni ambao klabu hizi husahau. Tunapopita mitaa ya Goba au Makongo, wageni ni sisi. Siku moja mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua alisimama akaangalia unga ulivyomwagwa mbele ya kibanda chake, akasema bila ukali, "Wanangu, unga mnautupa, kwenu mmeshiba sana?" Hakukuwa na jibu zuri la swali lile. Mfuko mzima wa ngano unaishia barabarani, na anayeuangalia anapima unga kwa robo.

Tena unga mweupe njia panda, jioni, kwetu una maana nyingine kabisa. Nimewaona watoto wakiuruka kwa mbali na bibi mmoja akisoma dua. Tusiwacheke. Huko New Haven, Marekani, mwaka 2007, wana-Hash wawili waliweka alama za unga kwenye maegesho ya duka la IKEA, polisi wakadhani ni sumu, duka likafungwa na wawili wale wakafunguliwa mashtaka. Kila jamii ina hofu zake kuhusu unga usiojulikana umetoka wapi. Dawa yake ni ileile ya zamani: kupiga hodi. Sungura apite kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa siku moja kabla, na badala ya unga atumie chaki au vumbi la mbao kutoka kwa mafundi seremala. Klabu inayojua kupiga hodi mtaani itajua pia kumsikiliza mgeni wake.

Tufanyeje

Vikundi vya joging vya hapa chuoni vianze na haya manne, na serikali ya wanafunzi iyatake kabla ya kuvipa meza kwenye wiki ya wageni.

Moja, mgeni aulizwe pembeni, kabla ya duara, mara moja tu: unatumia nini? Akisema maji, ni maji. Glasi ileile, wimbo uleule. Anayerudia swali mara ya pili ndiye anywe adhabu, na adhabu yake iwe maji ya uvuguvugu.

Mbili, neno bikira life. Tuna neno letu zuri, mgeni, na lina heshima yake tangu zamani. Siku ya kwanza binti asiitwe kwa jina linalowafanya wanaume wamtazame vingine.

Tatu, ada zitengwe. Bumu la chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, na kiingilio kinachobeba bia ndani yake kinamfanya asiyekunywa anunulie wengine kinywaji. Kuwe na bei ya mbio na maji, na bei ya mbio na bia.

Nne, hakuna anayerudi peke yake. Mbio zikiishia mbali na daladala zimepungua, watu wahesabiwe kama walivyohesabiwa mwanzoni, na wasiokunywa wasigeuzwe walinzi wa walevi kila wiki. Iwe zamu.

Na njia ya kwanza tuichore hapahapa. Kutoka uwanjani, tushuke mabondeni, tupitie nyuma ya Chuo cha Ardhi, tupande Makongo hadi ulimi utoke nje, turudi kwa Changanyikeni. Njia panda ziwe nyingi, na ziwe ngumu kwa wenye mbio. Ambaye hajakimbia tangu darasa la tano aje na raba zake zilizochoka. Atafika na wenzake, na duara likikaa ataulizwa jina lake, anatoka wapi, na anywe nini. Jibu lake litatosha.

Naomba kutoa hoja.